Imani Iliyopoa na Kopo la Unga: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea Bukavu tangu Pasaka zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mtu aliyebatizwa, anayehudhuria ibada na kujua nyimbo bila kufungua kitabu, afanye nini anapogundua kwamba imani yake imebaki desturi tu? Tumechagua barua tatu. Majina ya waandishi tumeyaficha kama walivyoomba, na barua ndefu tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watano, nauza unga wa mihogo na maharagwe katika soko la Kadutu. Nilibatizwa utotoni, nikafunga ndoa kanisani, na katika shirika letu la mtaa sikosi mara nyingi. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa nasali kwa mdomo tu. Mwaka jana nilikwenda kwenye mafungo, nikalia sana, nikarudi nyumbani nikiwa mtu mwingine, hata majirani wakashangaa. Baada ya majuma machache moto ule ulizimika, nikabaki na aibu. Rafiki yangu akanipeleka kwenye chumba chao cha maombi, na mtumishi wa hapo akaniambia kwamba kuna kifungo cha ukoo kinachozuia maombi yangu, na kwamba sharti nipande mbegu ya fedha ili kifungo kikatike. Fedha hiyo sina, kwa sababu tangu vita vilipoingia mjini mwezi wa Februari 2025 na benki zikafunga milango, biashara imedhoofika sana. Je, ni kweli nimefungwa? Nifanye nini ili niipate tena furaha ile? Adui sina, na jirani zangu sokoni tunaelewana. Kopo la kupimia ni lile lililobonyezwa kitako ambalo kila mtu hutumia, na mchango wangu wa likelemba, kile kikundi chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu, nimeutoa wote. Kosa silioni. (Mama wa Kadutu)

JIBU

Mama yetu, milele na milele, amina.

Tuanze na mbegu, kwa sababu jibu lake ni fupi: usiitoe. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Simoni mchawi wa Samaria aliwaletea mitume fedha ili naye apewe uwezo wa kuwawekea watu mikono wapokee Roho, na Petro alimkemea kwa maneno makali mno. Sadaka ya shukrani ni jambo jema, na zaka kwa wenye desturi hiyo ni jambo jema, lakini fedha inayodaiwa kwanza ili Mungu aanze kusikia ni biashara, na katika mambo ya biashara wewe huhitaji kufundishwa. Kuhusu kifungo cha ukoo, soma Ezekieli sura ya 18 kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole. Nabii anawajibu watu waliozoea kusema kwamba wanateseka kwa makosa ya baba zao, na anakataa hoja hiyo waziwazi.

Hatusemi haya ili kuyadharau makanisa ya uamsho. Ukanda wetu umewahi kuona uamsho mkubwa, ule ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka misheni ya Kianglikana ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ukafika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini, na Simeoni Nsibambi, Mganda, walikutana Kampala mwaka 1929, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, na kutoka hapo mambo yakaanza. Watu walioguswa na uamsho ule walitambulikana kwa jambo ambalo hata asiyeamini aliliona: waliungama mbele ya wenzao, wakavirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani. Fedha ilitembea kweli katika uamsho ule, ila ilitoka kwa mkosaji ikaenda kwa mtu aliyekosewa. Tunakuomba ulishike hilo, maana tutalihitaji hapa chini.

Sasa furaha uliyoipoteza. Hatutakuahidi kwamba itarudi kama ulivyoionja siku za mafungo, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Mafungo yana mazingira yake: hupiki, hubishani na wateja juu ya faranga mia, unaimba pamoja na umati, na mwili nao unapumzika. Ukirudi Kadutu, mwili uleule unaamka gizani kupanga magunia. Eliya, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, alikimbia jangwani akaomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena, na habari za Mungu kusema naye mlimani zinafuata baadaye. Mama mwenye watoto watano, aliyepita katika miezi ya risasi na njaa, asishangae akiona moyo wake mzito. Sehemu ya hali unayoiita kupoa kwa imani huenda ni uchovu mtupu, na usingizi utakusaidia kuliko mkesha mwingine.

Kuna pia ukavu usioondoka hata mtu akipumzika, na watu wa Mungu wameujua tangu kale. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Waliokusanya Zaburi hawakuiongezea aya ya faraja. Mama Teresa wa Kolkata, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2016, aliwaandikia viongozi wake wa kiroho barua ambazo zilichapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, na ndani yake anaeleza kwamba kwa miongo kadhaa alisali bila kuhisi uwepo wa Mungu. Miongo hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiwaokota wagonjwa barabarani. Kwa hiyo kukosa hisia hakuthibitishi kwamba umefungwa, wala kwamba imani imekufa.

Maneno yanayokufaa zaidi ni yale yaliyoandikiwa kanisa la Efeso katika Ufunuo, sura ya 2. Waumini wale walikuwa na mengi ambayo nawe unayo: walifanya kazi, walivumilia, hawakuchoka kwa ajili ya jina la Kristo. Hata hivyo waliambiwa kwamba wameuacha upendo wao wa kwanza. Msomaji angetarajia waagizwe waamshe tena hisia za kwanza. Badala yake waliagizwa wakumbuke walikoanguka, watubu, na wayafanye matendo ya kwanza. Hakuna mtu anayeweza kujiamuru alie kwa furaha saa kumi na mbili asubuhi, lakini anaweza kujiamuru atende, na bila shaka ndiyo sababu agizo limewekwa kwenye matendo. Katika majibu yote ya mwezi huu tutasimama hapo, kwa sababu tumeona barua nyingi mno zinazotafuta moto na chache mno zinazouliza kuhusu kuni. 

Hapo ndipo tunapofika kwenye kopo.

Ulilitaja mwishoni, kati ya majirani na likelemba, kama jambo lisilo na uzito. Kwetu sisi ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika barua yako. Katika shirika unakutana na familia chache mara moja kwa juma. Mbele ya meza yako wanapita watu wengi kila siku, na kila mmoja anaondoka na kipimo ulichomjazia. Kitako kilichobonyezwa kuingia ndani kinakula unga ambao mnunuzi ameulipia, na wengi wa wanunuzi hao ni kina mama wenzako wanaohesabu bugali la jioni kwa idadi ya makopo. Nabii Amosi, sura ya 8, anawaeleza wafanyabiashara wanaouliza mwandamo wa mwezi utapita lini, na Sabato itaisha lini, ili wapate kufungua ghala la ngano, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Tazama walipo wanapouliza: wamo ndani ya siku takatifu, wanaitunza, hawajafungua duka. Amosi hawalaumu kwa kukosa ibada. Na katika Walawi sura ya 19, ambamo mna ile amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako katika aya ya 18, sura haijaisha kabla ya kudai mizani ya haki na vipimo vya haki. Mungu aliyetoa amri ya upendo aliona inafaa kutaja kopo pia.

Utasema kila mtu anatumia kopo hilo. Ni kweli, na tunajua kwamba ukileta kopo zima kwa bei ileile, utapata hasara na jirani atakucheka. Basi tuhesabu pamoja. Tuseme kitako kinakula sehemu 1 kati ya 10, na kopo hilo linauzwa faranga 1,800. Mnunuzi amepata sehemu 9, yaani faranga 200 kwa kila sehemu. Ukiuza kopo zima kwa faranga 2,000, kila sehemu inabaki faranga 200, na wewe hupotezi hata faranga moja. Unachopoteza ni bei inayoonekana ndogo. Mteja wa kupita ataikimbilia 1,800 ya jirani, na kwa majuma ya kwanza unga utakaa mezani kuliko ulivyozoea. Hilo tunakuambia mapema ili usije ukadhani Mungu amekuacha. Lakini mama anayenunua kila siku na kupika katika sufuria ileile hupima nyumbani kwake hata kama hasemi. Weka makopo yote mawili mezani, mwachie mteja amimine la kwanza ndani ya la pili, aone mwenyewe. Na kabla ya kuanza, zungumza na jirani mmoja au wawili mnaoelewana, kwa sababu watu watatu wenye kopo zima katika mstari mmoja wanaanza kuwa kawaida mpya, na mtu mmoja peke yake anaonekana mwenye kiburi. Usiwahubirie. Waonyeshe hesabu.

Je, fedha iliyokwisha kuingia kwa kopo lile? Zakayo, katika Luka sura ya 19, aliahidi kurudisha mara nne, na kuwapa maskini nusu ya mali yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inamtaja huyo huyo Zakayo inapofundisha kwamba aliyejipatia mali ya mwenzake kwa dhuluma anapaswa kuirudisha. Wewe huwezi kuwatafuta wateja wa miaka yote, na hakuna anayekudai hivyo. Mafundisho ya zamani, tangu Tomaso wa Akwino katika karne ya 13, ni kwamba pale mwenye haki asipojulikana, mali hupewa maskini kwa niaba yake. Mtaani kwako wakimbizi wa vita hawakosekani. Pima unga kwa kopo zima, mpelekee mmoja wao, na usitangaze katika shirika. Kiasi gani, na kwa muda gani, zungumza na padri wako katika kitubio, ukilitaja kopo kwa jina lake badala ya kusema kwa ujumla kwamba wewe ni mkosefu. Sisi tusingependa ujitwike mzigo utakaowalaza watoto na njaa. Malipo ya polepole ni malipo.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa unasali Misa ya Kikatoliki. Katika Misa ya namna yetu ya Kongo, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, tendo la kutubu halipo mwanzoni kama katika Misa ya kawaida ya Kirumi; linakuja baada ya mahubiri na Nasadiki, likifuatwa na kupeana amani, na ndipo vipaji vinapelekwa altareni. Mpangilio huo unafuata agizo la Yesu katika Mathayo sura ya 5, kwamba mtu akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka, akapatane kwanza. Jumapili ijayo, wakati wa kupeana amani, mtazame mama aliye karibu nawe. Inawezekana kabisa kwamba alinunua unga kwako Ijumaa.

Kuhusu sala ya kila siku tutasema machache, kwa sababu hujauliza namna ya kusali na kwa sababu ratiba ndefu huvunjika mapema. Asubuhi Baba Yetu moja, isemwe polepole kabla ya kugusa simu. Jioni, unapohesabu mapato, tumia dakika chache kufanya hesabu ya pili ambayo Inyasi wa Loyola aliwafundisha wenzake na ambayo Wayesuiti wa hapa Bukavu wamewafundisha vizazi vya wanafunzi: mshukuru Mungu kwa jambo moja la siku hiyo, omba mwanga, ipitie siku tangu asubuhi, omba msamaha kwa ulipokosa, amua jambo moja la kesho. Kesho yako itakuwa na kopo ndani yake, kwa hiyo uamuzi hautakosa mahali pa kushika. Furaha ikija, ipokee. Isipokuja, uza kwa haki na uende ukalale.

SWALI

Mimi ni kijana wa Bagira. Nilibatizwa Mkatoliki nikiwa mtoto mchanga, kisha nikaenda kuchimba dhahabu Kamituga, ambako kwa miaka mingi sikuingia kanisani na niliishi maisha ambayo sitaki kuyaandika. Sasa nimerudi na ninataka kuanza upya na Kristo. Baba mdogo, ambaye ni Mpentekoste, anasema sharti nibatizwe tena kwa maji mengi. Mama yangu anasema kufanya hivyo ni dhambi. Nani mwenye haki? (Kijana wa Bagira)

JIBU

Kijana wetu, wote wawili wanafuata mafundisho ya makanisa yao, na hakuna anayekudanganya. Waefeso sura ya 4 inataja Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja, na Kanuni ya Imani inayotokana na mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 inaungama ubatizo mmoja kwa maondoleo ya dhambi. Wakatoliki, na pamoja nao Waanglikana, Walutheri na Wamethodisti, wanaona kwamba ubatizo wa mtoto ni ubatizo kamili, na kwa hiyo hawaurudii hata mtu akiwa amepotea kwa miaka 40. Wabaptisti na Wapentekoste wanaona kwamba ubatizo unafuata imani ya mtu mwenyewe. Kwao wewe hungekuwa unabatizwa tena, ungekuwa unabatizwa kwa mara ya kwanza. Swali lako la kweli basi ni kanisa gani unarudi kuishi ndani yake, na hilo usiliamue ili kumpendeza baba mdogo wala ili mama asilie. Kaa, sali, soma, uliza, chukua miezi.

Ukirudi katika Kanisa la mama yako, njia yako ni kitubio, kisha katika Kesha la Pasaka utasimama na mshumaa mkononi pamoja na waumini wote kurudia ahadi za ubatizo. Wamethodisti nao wana ibada ya kulifanya upya agano na Mungu, ambayo John Wesley aliiongoza kwa mara ya kwanza mwaka 1755, na jamaa wengi wa Lubumbashi wanaijua. Kurudia ahadi ni jambo la kawaida katika Ukristo, wala si la watu waliopotea peke yao.

Lakini tumesoma maneno yako kuhusu Kamituga mara mbili. Hukuandika ulichokiacha huko, na hatutakisia mengi. Ikiwa kuna deni, litafutie njia ya kulilipa, hata kwa kutuma kidogo kidogo kwa simu. Ikiwa kuna msichana na mtoto, hilo litangulie kabla ya mjadala wa maji mengi au machache, kwa sababu mtoto anakula kila siku na baba mdogo wako na mama yako wanaweza kuendelea kubishana bila kupungukiwa na kitu.

SWALI

Ndugu mhariri, mimi ni mwimbaji wa kwaya katika moja ya makanisa ya Kiprotestanti mjini, na ninafanya kazi katika ofisi inayotoza ushuru, nisingependa kuitaja. Kila mwisho wa juma mkubwa wetu anagawa bahasha za matabishi, yaani rushwa ndogondogo, yaliyokusanywa. Mshahara unachelewa sana, na bahasha hiyo ndiyo inayolipia shule ya watoto wangu. Mwaka huu, baada ya mahubiri fulani, niliamua kuishi imani yangu kwa kweli, na tangu siku hiyo sina amani. Najua kwamba Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa hapa mjini mwaka 1996 kwa sababu hakunyamaza. Lakini yeye alikuwa askofu, hakuwa na watoto wa kulipia shule. Sisi makarani tufanyeje? (Karani wa Ibanda)

JIBU

Ndugu yetu, umeuliza vizuri, na hatutakujibu kwa mfano wa askofu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, OCC. Kazi yake mjini Goma ilihusu bidhaa zilizoharibika. Waliotaka kupitisha chakula kibovu mpakani walimpa fedha, akakataa, akaamuru chakula kiharibiwe. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Alikuwa mshiriki wa jumuiya ya Sant'Egidio, akiwahudumia watoto wa mitaani. Tarehe 2 Februari 2023 Papa Fransisko aliwasimulia habari zake vijana waliojaa Uwanja wa Mashahidi (Stade des Martyrs) mjini Kinshasa, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Hakuwa padri. Alikuwa na muhuri na karatasi, kama wewe.

Hata hivyo tuseme ukweli: yeye pia hakuwa na watoto wa kulipia shule, na swali lako halijaisha. Wala sisi tuandikao kwenye meza salama hatuna haki ya kumwagiza mtu afe.

Tuangalie jinsi Yohana Mbatizaji alivyowajibu watu wa kazi yako. Katika Luka sura ya 3, watoza ushuru walimwendea wakauliza, Mwalimu, tufanye nini? Wengi wangetegemea awaambie waache kazi ya mkoloni Mrumi. Aliwaambia wasitoze kitu zaidi ya kiwango walichoamriwa. Askari nao aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na waridhike na mishahara yao. Toba aliyoidai ilikuwa ndani ya kazi ileile, kwenye kiwango kilichoandikwa. Kwako wewe inamaanisha jambo linalopimika: kiwango unachomtamkia mfanyabiashara ndicho kile kilicho kwenye stakabadhi, na stakabadhi anaipata mkononi.

Sasa tutenganishe mambo ambayo barua yako imeyachanganya. Saini yako ni jambo la kwanza. Usiweke saini kwenye karatasi ya mzigo ambao hukuuona, wala inayotaja kiasi ambacho si cha kweli, kwa sababu hapo kosa ni lako mwenyewe na linaweza kumdhuru mtu usiyemjua. Bidhaa ikiwa ni hatari, dawa zilizopitwa na wakati kwa mfano, au chakula kibovu, kukataa saini peke yake hakutoshi. Inabidi umpate mtu wa kumwambia, na kabla ya hapo upate mtu wa kukushauri. Bahasha ni jambo la pili, nalo lina njia yake. Mwendee mkubwa wako faraghani, si kikaoni, umwambie kwa adabu kwamba kuanzia sasa asikuhesabu katika mgawo, na kwamba hukuja kumshitaki mtu. Wakubwa wengi wanachoogopa ni mpelelezi. Karani anayekataa fungu lake bila kelele mara nyingine huachwa, na fungu lake hufurahiwa na wengine. Tunasema mara nyingine. Unaweza kuhamishiwa dawati lisilo na kitu, unaweza kuachishwa, na katika hali ya mji wetu ya leo huwezi kutegemea kwamba kuna mahali pa kulalamikia.

Kwa hiyo usilifanye peke yako. Katika kwaya yenu au katika parokia jirani kuna mwingine wa ofisi kama yako anayelala na shida hiyo hiyo. Mtafuteni, kutaneni, mwombe pamoja, na mpeane habari za kazi nyingine. Makanisa yetu yana vikundi vya wanandoa, vya vijana na vya akina mama wajane, lakini ni machache yanayowakutanisha watoza ushuru, polisi na wakaguzi ili waulizane walifanya nini juma hili. Mwambie mchungaji wako tumemkosoa.

Na mwambie mke wako kabla ya mtu mwingine yeyote. Bahasha ile imekuwa ikiingia nyumbani kwake, pengine bila yeye kuijua asili yake, na ukiikata ghafla bila neno atadhani fedha inakwenda kwa mwanamke mwingine. Ketini na daftari. Andikeni mshahara kama unavyokuja kweli, pamoja na kuchelewa kwake. Andikeni ada za shule, kodi ya nyumba, mkaa na chakula. Kisha tazameni pengo lina ukubwa gani. Huenda mtoto mmoja akahamia shule ya bei nafuu zaidi. Huenda mke akaingia katika kikundi cha akiba na mikopo cha mtaani na kuanza biashara ndogo ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, au ya mkaa. Huenda mkaamua kwamba utakataa saini za uongo leo hii, na bahasha utaikataa mara tu chanzo kingine kitakapopatikana. Katika hali hiyo wekeni tarehe na mwandike kwenye daftari hilo hilo, wote wawili mkaweka sahihi, kwa kuwa nia njema isiyo na tarehe huzoea kungoja. Hesabu hiyo fanyeni kabla muhula mpya haujafunguliwa, wakati shule bado zinakubali kujadiliana kuhusu ada.